Anwani na Kionyeshi: Maktaba za Programu kwa Jicho la Isimu

Mwanaisimu hahitaji kufafanuliwa tofauti baina ya "Mombasa" na "hapa". Neno la kwanza hutaja mahali pamoja daima. La pili ni kionyeshi, na maana yake huhama pamoja na msemaji. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba tofauti iyo hiyo ndiyo kiini cha jambo la tarakilishi ambalo aghalabu hudhaniwa kuwa halisemeki kwa Kiswahili.

Programu nyingi huhitaji kazi zinazofanana, kama vile kufungua faili au kuandika kwenye skrini. Kazi hizo hukusanywa katika maktaba. Katika uunganishaji tuli, sehemu zinazohitajika hunakiliwa ndani ya kila programu inapoundwa. Programu 50 zitabeba nakala 50. Maktaba ya pamoja, kwa upande wake, huwa na nakala moja katika kumbukumbu, nazo programu zote huitumia.

Hapo ndipo anwani huleta utata. Kila programu huweza kuiona nakala hiyo katika anwani tofauti. Agizo likisema "nenda anwani 5000", litaiongoza programu moja na kuipoteza nyingine. Hivyo basi, agizo husema: "nenda hatua 200 mbele ya hapa". Popote msimbo uwekwapo, umbali baina ya sehemu zake haubadiliki. Vitu vilivyo nje ya maktaba hutafutwa kupitia jedwali la anwani, ambalo kila programu huwa na lake. Msimbo wa aina hii tungeweza kuuita "msimbo usiotegemea mahali", lakini istilahi hiyo inapotosha: unategemea mahali, ila ni pale ulipo wenyewe. Binafsi naonelea "msimbo wa kionyeshi" ni bora.

Gharama yake ni mzunguko mdogo wa kupitia jedwalini. Faida ilidhihirika Aprili 2014, kasoro ya Heartbleed ilipofichuliwa katika maktaba ya OpenSSL. Palipotumika maktaba ya pamoja, kasoro ilizibwa kwa kubadilisha maktaba hiyo na kuzianzisha programu upya. Zilizounganishwa tuli zilibidi kuundwa upya moja moja.

Hata hivyo, uunganishaji tuli haujapitwa na wakati. Lugha ya Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009, kwa kawaida huutumia, kwa kuwa faili moja linalojitosheleza huhamishiwa tarakilishi nyingine bila kuuliza kama huko kuna maktaba inayofaa.