Kipimo Katika Reli ya Mfano
Atakaye kutengeneza reli ndogo ya mfano na kuwaonyesha watu, kwanza achague kipimo. Kinachotumika sana ni 1 kwa 87: mtu wa milimita 1,740 atakuwa na kimo cha milimita 20.

Njia ya kawaida ya kipimo hiki ina upana wa milimita 16.5. Zidisha kwa 87, utapata kama 1,435, upana wa reli ya Mombasa na Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017. Lakini reli yetu ya zamani ina milimita 1,000. Gawanya kwa 87, utapata 11.5. Basi gari moshi la zamani usilipandishe juu ya njia ya 16.5, maana wazee walioipanda reli ile watakucheka. Hata mlango wa stesheni, gawanya kwa 87.