Mhandisi Akisema "Bado"

Vijana wetu walioajiriwa kwenye kampuni za programu hapa Nairobi huniletea kesi ile ile. Wa mauzo analalamika: "Pasta, kwa hawa mainjinia kila kitu hakiwezekani." Injinia naye: "Pasta, wanamwahidi mteja kitu hatujaanza hata kukijenga, halafu wanakitaka Ijumaa!"

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo moyo wangu hukimbilia kwa wa mauzo. Lakini hebu tuangalie Challenger, chombo cha anga cha Marekani.

Usiku wa Januari 27, 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kukisukuma, walisema kisirushwe kesho yake. Baridi ingekuwa kali, na pete za mpira zinazoziba viungo vya roketi hukakamaa kwa baridi, moto ukapenya. Wakuu wa NASA hawakufurahi, maana safari ilikuwa imeahirishwa tayari. Wakubwa wa Thiokol wakaomba kuongea wenyewe kando. Mhandisi Roger Boisjoly alibishana nao mpaka akaona hasikilizwi, akanyamaza. Na usidhani wakubwa hao hawakujua uhandisi. Mmoja alikuwa mkuu wa uhandisi kabisa, akaambiwa avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Akaivaa. Wakubwa wanne wakaamua: kirushwe.

Asubuhi chombo kiliruka sekunde 73 tu. Watu 7 wakafa, mmoja wao mwalimu wa shule.

Mimi sioni kwamba walikuwa watu waovu. Kilichogeuzwa ni swali. Siku zote mhandisi alitakiwa aonyeshe kwamba chombo ni salama. Usiku ule akatakiwa aonyeshe kwamba kitaharibika. Hakuwa na hesabu ya kutosha. Alichokuwa nacho ni masizi aliyoyaona kwenye viungo vya roketi za safari moja ya awali, ya siku ya baridi. Sisi wa biashara tumezoea kusema "nipe namba", na namba isipokuwepo tunachukulia kwamba hatari pia haipo.

Wahandisi nao, michoro yao iliandaliwa haraka haraka, haikuonyesha baridi na uharibifu pamoja ili mtu aone mara moja.

Basi ndugu wa mauzo, Jumatatu usiulize tu "itaweza ama haitaweza?" Uliza ameona nini kinachomtia wasiwasi, kisha mwache amalize. Nawe injinia, usimtupie majina ya mitambo. Mwambie mteja atapoteza nini, pesa ngapi, na siku gani.