Nani hasa anapokea pesa yangu?

*Naishi Kisongo, Arusha. Dalali wa foreksi mtandaoni amenionyesha cheti cha BRELA, na anasema kampuni yake ina leseni Uingereza. Rafiki yangu ameshalipwa faida. Nitajuaje nani yuko nyuma yake?*
*Msomaji, Kisongo*

Ndugu msomaji, una haki ya kusita, na cheti hicho hakiondoi shaka. BRELA husajili kampuni. Usajili si ruhusa ya kupokea fedha za wawekezaji. Leseni za masoko ya mitaji nchini hutolewa na CMSA, kwa hiyo waulize kwanza. Kuhusu Uingereza, fungua mwenyewe daftari la FCA, mamlaka ya huduma za fedha ya huko, bila kutumia kiungo alichokutumia dalali, maana matapeli huiba jina na namba ya leseni ya kampuni halali kabisa. Linganisha jina lililo kwenye mkataba, si lile la matangazo, pamoja na tovuti na simu, na yale yaliyoandikwa humo. Kisha piga namba iliyo kwenye daftari uulize kama wanamjua. Halafu tazama pesa inaingia kwa nani. Ukielekezwa kutuma kwenye simu ya mtu binafsi, achana naye.

Utasema, mbona rafiki amelipwa? DECI, mpango wa upatu ulioanguka nchini 2009, nao uliwalipa wa mwanzo kwa fedha za waliofuata, na malipo hayo ndiyo yaliyovuta wengi. Kama umeshatuma, usikubali kulipa ada yoyote ili "kufungua" faida yako. Hifadhi ujumbe na risiti, wasiliana leo na benki au kampuni ya simu, kisha nenda polisi.