Ujerumani Mbili na Uhuru Wetu

SOMO LA HISTORIA

Hapa Ngulyati jina la Mjerumani si geni. Wazee wetu walisimulia habari za utawala wake, uliokoma Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Lakini leo hatusomi habari za Mjerumani mtawala. Tunasoma jinsi nchi yake ilivyotawaliwa na wengine, ikakatwa vipande, na ugomvi wake ukafika mpaka kwetu mwaka 1965. Tulisome somo hili taratibu, maana ndani yake mna fundisho kuhusu misaada.

Nchi iliyokatwa vipande

Mwaka 1884 hadi 1885 wakubwa wa Ulaya walikutana Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, wakapanga taratibu za kugawana Afrika. Mwafrika hakuulizwa. Miaka sitini ikapita. Mei 1945 Ujerumani ikashindwa katika Vita Kuu ya Pili, na sasa ikawa zamu ya Berlin yenyewe kugawanywa! Mataifa manne yaliyoshinda, yaani Marekani, Urusi ya Kisovieti, Uingereza na Ufaransa, kila moja lilichukua sehemu yake ya nchi. Mji wa Berlin nao ukakatwa mara nne.

Washindi hao hawakupatana muda mrefu. Marekani ilitaka Ujerumani ifuate ubepari. Urusi, iliyopoteza mamilioni ya watu katika vita hiyo, haikutaka Ujerumani iinuke tena dhidi yake, na katika sehemu yake iliweka utawala wa kikomunisti. Mwaka 1948 Warusi walifunga barabara na reli za kwenda Berlin Magharibi. Wamarekani na Waingereza wakapeleka chakula na makaa ya mawe kwa ndege, karibu mwaka mzima.

Mwaka 1949 zikazaliwa nchi mbili: Ujerumani Magharibi, upande wa Marekani, na Ujerumani Mashariki, upande wa Urusi. Tarehe 13 Agosti 1961 serikali ya Mashariki ilianza kujenga ukuta Berlin ili watu wake wasikimbilie Magharibi. Ndugu wa damu wakatenganishwa. Ushindani huo wa wakubwa, wasiopigana wao kwa wao uso kwa uso, ndio ulioitwa Vita Baridi.

Msaada wenye sharti

Ujerumani Magharibi ilidai kwamba ni yenyewe tu inayowasemea Wajerumani wote. Tangu 1955 ilikuwa na msimamo huu: nchi yoyote itakayoitambua Mashariki itavunjiwa uhusiano. Urusi peke yake ndiyo iliyosamehewa.

Hebu tuchukue mfano wa kwetu. Mvua zimeanza, nawe huna plau. Tajiri mmoja anakuambia, "Chukua plau yangu na ng'ombe wangu, ulime. Ila nisikuone tena kwa yule jirani yako." Shamba litalimwa, ni kweli. Lakini je, nani sasa ndiye mwenye mji wako?

Jambo hili lilivyotufikia

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, nayo ikafungua ubalozi Unguja. Wajerumani hao wakasaidia kujenga nyumba za kisasa za wananchi, kama zile za Kikwajuni. Upande wa bara, Tanganyika ilikuwa na uhusiano na Ujerumani Magharibi, iliyokuwa ikisaidia kufundisha marubani wa jeshi na walinzi wa pwani.

Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar zikaungana. Basi, nchi moja ikajikuta na Wajerumani wa aina mbili, kila mmoja hataki kumwona mwenzake. Magharibi ikataka ubalozi wa Mashariki ufungwe. Mwalimu Nyerere alikuwa na kazi ngumu. Angeufunga kabisa, Wazanzibari wangeona kwamba Muungano ulio mchanga umewanyang'anya rafiki yao. Angeuacha ulivyo, Magharibi ingekasirika.

Akatafuta njia ya kati. Mapema mwaka 1965 serikali iliamua kwamba ubalozi wa Unguja usiwepo tena, bali Mashariki iwe na ofisi ya konseli mkuu Dar es Salaam, bila kutambuliwa rasmi kama nchi kamili. Mashariki haikuridhika. Magharibi nayo haikuridhika, ikaondoa mara moja msaada wake wa kijeshi. Wakufunzi wakafunga mizigo, wakaondoka.

Mwalimu aliona kwamba msaada umegeuzwa fimbo. Ukiogopa fimbo leo, kesho utachapwa kwa jambo jingine. Akawaambia Wajerumani Magharibi waondoe na misaada mingine ya serikali yao. Uhusiano wa kibalozi haukuvunjika, lakini fedha za kazi za maendeleo zilipotea, na nchi ilikuwa maskini. Tusidanganyane: uamuzi ule ulikuwa na gharama. Kazi ya kufundisha marubani ilichukuliwa baadaye na Kanada.

Miaka miwili baadaye, tarehe 5 Februari 1967, Azimio la Arusha lilitahadharisha kwamba kutegemea misaada kunahatarisha uhuru. Maneno hayo yalisemwa na watu waliokwisha kuonja.

Mwisho wa ugomvi

Kumbe wakubwa wenyewe walikuja kupatana! Desemba 1972 Ujerumani mbili zilitia saini mkataba wa kuhusiana, na mwaka 1973 zote zikaingia Umoja wa Mataifa. Ukuta ulifunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, na tarehe 3 Oktoba 1990 Ujerumani ikawa moja tena. Hata hapo, ulihitajika kwanza mkataba na yale mataifa manne ya 1945.

Fikirini: kama tungeuhatarisha Muungano wetu kwa ajili ya ugomvi wao, wao wangepatana, sisi tungebaki na ufa.

Tunajifunza nini?

Msaada si mbaya. Wa plau, wa kisima au wa zahanati, tuupokee kwa shukrani. Ila kabla ya kupokea tuulize sharti lake, tena tuulize mbele ya mkutano, kila mtu asikie.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini Ujerumani iligawanywa mwaka 1945?
2. Kwa nini njia ya kati ya Mwalimu haikumridhisha yeyote kati ya Wajerumani?
3. Ungekuwa wewe, ungekataa misaada ile iliyobaki? Toa sababu.
4. Taja msaada mmoja uliofika kijijini kwenu. Sharti lake lilikuwa nini, na nani alilikubali?