Kujifunza tumba: mkono wa kushoto kwanza

Anayeanza kupiga tumba, au konga kama wengine wanavyoziita, hukimbilia kofi. Haishangazi, maana kofi ndilo linalopenya katikati ya magitaa na tarumbeta mpaka likamfikia mtu aliye nje ya ukumbi. Mimi naomba ulisubirishe. Miezi yako ya mwanzo uvipe vidole na kiganja cha kushoto, katika kazi ambayo msikilizaji wa kawaida hata haijui kama ipo.

Kukaa kwanza. Tumba ina kimo cha kama sentimita 75, kwa hiyo tafuta kiti kisicho na mikono ambacho mapaja yako yatalala sawa na sakafu. Ibane kwa magoti na uiinamishe kidogo kwenda mbele, ili mdomo wa chini uachane na sakafu. Besi hutokea huko chini, na ngoma iliyosimama wima juu ya saruji inakabwa koo. Vua pete, vua saa.

Sauti ya wazi ndiyo ya kujifunza kabla ya nyingine zote. Vidole vishikamane, gumba liinuke lisigonge ukingo. Pale vidole vinapoungana na kiganja ndipo patue kwenye ukingo, vidole vinne viguse ngozi kwa pamoja na kuruka papo hapo. Ikitoka vizuri utaisikia ikiimba, ina noti kabisa. Vidole vikikawia juu ya ngozi, noti inakufa. Kwa besi, tua kiganja kizima katikati ya ngozi. Kofi linataka vidole vilivyolegea na kujikunja kidogo, ncha zake zitue kwa kasi. Kinachotoa mlio ni kasi na ulegevu wa kifundo cha mkono, si nguvu ya bega. Mkono ukianza kuvimba, funga mazoezi ya siku hiyo. Sijawahi kuona sugu zikimfundisha mtu kupiga.

Sasa mwendo wenyewe. Kule Cuba unaitwa tumbao, na una mapigo manane ndani ya hesabu ya nne. Mimi nauimba hivi: ki-vi-ko-vi, ki-vi-wa-wa. "Ki" ni kisigino cha kiganja, "vi" ni ncha za vidole, "ko" ni kofi, "wa" ni sauti ya wazi. Mikono inafuatana hivi: kushoto, kushoto, kulia, kushoto, kushoto, kushoto, kulia, kulia. Hesabu mwenyewe: kati ya mapigo manane, matano ni ya kushoto, na yote ni ya chinichini. Mkono huo haunyanyuki mbali na ngozi. Unayumba tu, kisigino kikishuka vidole vinapanda, vidole vikishuka kisigino kinapanda. Hayo matano ndiyo yanayoshika mwendo. Yakilegea, mkono wa kulia unakosa wa kumshika, na zile "wa" mbili za mwisho zinakimbia. Zinakimbia kwa karibu kila mwanafunzi niliyekaa naye.

Kwa hiyo zoeza kushoto peke yake, juu ya paja, hata ndani ya daladala. Nyumbani washa metronomu ya simu kwenye mapigo 60 kwa dakika, uimbe kwa mdomo huku ukipiga. Usipandishe kasi mpaka uweze kuzungumza na mtu na mwendo usiyumbe.

Sikiliza sana. Ngoma hii chimbuko lake ni mikono ya Waafrika waliopelekwa utumwani Cuba, wengi wao watu wa Kongo. Arsenio Rodríguez aliiingiza kwenye bendi yake ya muziki wa son jijini Havana karibu na mwaka 1940, na mwaka 1947 Chano Pozo akaipigia jazi jijini New York pamoja na Dizzy Gillespie. Santuri za Cuba zilikuwa zimeanza kufika Léopoldville, Kongo, tangu miaka ya 1930. Zikazaa rumba ya kule, na bendi zetu za dansi zikaipokea. Chukua wimbo mmoja wa OK Jazz ya mwanzo, bendi iliyoanzishwa mwaka 1956, uufuate kwa kusikiliza tumba tu, sauti za waimbaji uziache zipite.

Ukiishi pwani kama mimi, unyevu utakusumbua. Ngozi halisi hulegea mvua ikikaribia na kukaza jua likiwaka. Beba spana yako. Kaza kila nati kidogo kidogo, ukizunguka ngoma nzima, kamwe usimalize upande mmoja kwanza. Ukimaliza kupiga, ilegeze, na usiiache ndani ya gari juani, kwani ngozi huchanika. Ukiwa na mbili, mimi hupenda ya chini ilie "so" na ya juu yake ilie "do".

Mwendo ukishatulia, tafuta mpiga gitaa la besi na ukae ubavuni pake. Katika mtindo wa Cuba, noti yake ya hesabu ya nne hutua pamoja na "wa" yako ya kwanza. Mwombe apige polepole, arudie mzunguko uleule, nanyi msiongeze kasi mpaka sauti hizo mbili zitoke kama moja.