Impreza ya Tabo Iliyozeeka: Lipia Oili Kabla ya Kasi

Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Subaru Impreza, mapenzi ya gari hili yalizidi kushika mizizi Afrika Mashariki. Lakini gari la mashindano huwa na kikosi cha mafundi kinacholisubiri njiani. Lako linakutegemea wewe na fundi mmoja, na huenda limeshapita mikononi mwa watu kadhaa waliolikanyaga bila huruma. Ndiyo maana nasisitiza: mwaka wa kwanza usinunue rimu, wala ekzosi kubwa, wala chochote cha kuongeza nguvu. Pesa yote iende kwenye oili, upozaji, mkanda na tairi.

Anza na oili, kwa sababu upungufu wake ndio unaoua injini nyingi. Injini ya gari hili, EJ20, ni ya lita mbili, pistoni zake nne zimelala ubavu, mbili kila upande. Oili ikipungua kisha ukaingia kona kwa kasi, pampu inaweza kunyonya hewa kwa muda mfupi tu, na beringi za konrodi hazisamehi. Mlio wa kugonga kutoka chini ya injini, unaoongezeka kadiri unavyokanyaga, ndio ambao mafundi wakiusikia husema injini imenoki. Ukiusikia, zima hapo hapo uite gari la kuvuta. Kuliendesha mpaka gereji hugeuza kazi ya beringi kuwa kazi ya kununua injini nzima.

Kwa hiyo pima oili kila unapojaza mafuta. Simamisha gari pasipo na mwinuko, zima injini, subiri kama dakika tano. Chomoa kijiti, kipanguse, kirudishe mpaka mwisho, chomoa tena. Kitazame pande zote mbili: kwenye Subaru upande mmoja mara nyingi huonyesha oili imepanda kuliko mwingine. Amini ule wa chini. Kati ya alama ya chini na ya juu kuna takriban lita moja, basi ongeza kidogo kidogo. Injini ya tabo yenye umri huu kula oili kiasi si ajabu. Hatari ni mwenye gari kutojua inakula kiasi gani. Mimi humwaga oili kila kilomita 5,000, na filta inabadilishwa pamoja nayo, hata kama chupa imeandikwa 10,000.

Kisha joto. Gari linalochemsha likipanda mlima lakini likatulia mjini linakuambia kitu. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, iwashe, utazame: viputo vinavyotoka mfululizo bila kukoma vinaweza kumaanisha gasketi ya silinda hedi inavujisha moshi kwenye maji. Usikimbilie hukumu, maana hewa iliyonaswa ndani nayo hutoa viputo, na injini hii hunasa hewa kirahisi baada ya maji kumwagwa. Fundi aitoe hewa vizuri kwanza, ndipo apime. Tumia kipozeo chenye dawa ya kuzuia kutu, si maji ya bomba, na thamostati iwe halisi. Kuitoa thamostati kabisa, kama wanavyofanya wengi, kunaifanya injini ichelewe kupata moto wake, nayo huchakaa zaidi.

Mkanda wa taimingi unabadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Ukinunua gari bila rekodi, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Ukikatika, valvu hukutana na pistoni. Badilisha pamoja na rola zake, tenshena na pampu ya maji, kwani kazi ya kufungua ni ile ile.

Uhai wa tabo unategemea oili na joto lake. Ukianza safari, mshale wa joto ukifika katikati bado oili haijapata moto sawasawa. Ipe dakika kadhaa zaidi kabla ya kukanyaga. Ukikaribia nyumbani, kilomita mbili tatu za mwisho nenda taratibu. Naona hilo linafaa kuliko kusimama getini injini ikinguruma.

Na petroli: matoleo ya Japani yalipangwa kwa mafuta ya okteni ya juu kuliko yanayouzwa vituo vingi vya kwetu. Chagua daraja la juu linalopatikana. Mtu akikushawishi apandishe presha ya tabo bila kupanga upya kompyuta ya injini, mkatalie. Mchanganyiko ukipungua mafuta, pistoni hupasuka.

Tairi nne ziwe za saizi moja, aina moja, na zimeisha kwa kiwango kinachokaribiana. Magurudumu yote yanavuta, na tofauti ndogo ya mzunguko inaifanya difu ya katikati ifanye kazi bila kupumzika mpaka iungue. Moja ikipasuka na nyingine zimeshalika, mara nyingi inabidi ununue zaidi ya moja. Soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira mkavu wa zamani una kashata nzuri lakini haushiki lami yenye maji.

Wanaoishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam wachungulie chini ya matao ya magurudumu ya nyuma na pale shokapu zinapofungwa kwa juu. Chumvi ya bahari huanza kula hapo, na rangi mpya huweza kuficha. Gonga kwa kidole. Bati zima hulia, lililooza hutoa sauti nzito.