Chuma Juu ya Mawe: Vidokezo vya Kuishi na Baiskeli ya Gia ya Zamani Mwanza

Baiskeli za mtumba zikishushwa, macho ya wateja huenda kwenye ile yenye shokapu mbili, rangi ya kumetameta na stika kila mahali. Waachie. Unayoitaka wewe mara nyingi imeegemezwa pembeni: mabomba membamba ya chuma, nyuma haina springi, gia zinabadilishwa kwa vidude viwili vilivyokaa juu ya usukani, na rangi imechunika. Mtaani jina lake ni baiskeli ya gia, basi. Ukoo wake ulianzia kwenye vilima vya Marin County, California, miaka ya 1970. Joe Breeze alitengeneza fremu zake za kwanza za kazi hiyo mwaka 1977, na Specialized wakaanza kuuza Stumpjumper mwaka 1981. Baadaye alumini ikaja ikazisukuma kando, na sasa zinatufikia zikiwa watu wazima. Kwa jiji lililokaa juu ya miamba, lenye mafundi wa kuchomelea kila mtaa na ziwa la maji baridi mlangoni, sijaona inayofaa zaidi.

1. Nenda sokoni na sumaku. Kipande kilichotolewa kwenye spika mbovu kinatosha. Kikinata kwenye bomba, hicho ni chuma. Kisiponata, huenda ni alumini, na siku ikipasuka utahangaika kumpata mwenye mtambo wa kuichomelea. Kisha tafuta stika ndogo kwenye bomba la kiti: Tange, Reynolds, Ishiwata, True Temper, au maandishi Cr-Mo au 4130. Hicho ni chuma kilichochanganywa na kromu na molibdenamu. Kina nguvu kuliko chuma cha kawaida, ndiyo maana bomba lake hufanywa jembamba na fremu ikawa nyepesi. Hi-Ten ni chuma cha kawaida: kizito, lakini kwa mtu wa kwenda kazini Nyakato na kurudi hakina ubaya wowote. Stika imebanduka? Inyanyue kwa mkono mmoja, utajua.

2. Pitisha kidole chini ya shingo. Pale bomba la chini linapoungana na shingo ya usukani ndipo ajali hujiandika. Rangi ikiwa imejikunja au bomba lina tuta dogo, baiskeli iligonga kitu huko ilikotoka. Geuza uangalie pia masikio ya nyuma yanayoshika ekseli. Nyufa hupenda kuanzia hapo. Na uombe risiti, hata ya kuandikwa kwa kalamu. Baiskeli nzuri ya bei ya kutupwa huenda ina mwenyewe anayeitafuta.

3. Kiti kikigoma kutoka, shusha bei. Nguzo ya alumini iliyokaa miaka ndani ya bomba la chuma bila grisi hushikana nalo kabisa. Nyundo haisaidii. Mimina mafuta ya kupenya kutu, acha ilale, kesho yake zungusha taratibu badala ya kuvuta. Ikitoka, soma namba iliyogongwa sehemu ya chini: 27.2, 26.8, 26.4 na kadhalika. Kwa macho zote zinafanana, lakini nguzo ndogo kwenye bomba kubwa itacheza mpaka ilipasue. Ukirudisha, paka grisi. Hiyo ni kazi ya dakika tano kila baada ya masika.

4. Tairi: soma ubavu, si tangazo. Nyingi za aina hii ni za inchi 26, saizi 26 x 1.95 au 26 x 2.125, na hizo kwenye maduka ya spea si ngeni. Ila kuna 26 nyingine. Zile baiskeli za kapu kutoka Japani hutumia 26 x 1 3/8, na tairi lake halikai kabisa kwenye rimu yako. Namba ya kutegemea ni 559. Iko kwenye ubavu wa tairi. Ukinunua tyubu, chukua yenye vali nene kama ya pikipiki, ili popote wanapojaza bodaboda upepo nawe ujaze.

5. Gia zikifa, baiskeli isife nazo. Hapa ndipo chuma cha zamani kinapoishinda baiskeli ya kisasa. Kama habu yako ya nyuma ni ile ya kufungia friwili kwa uzi, uzi huo ni ule ule wa baiskeli za mizigo za Phoenix na Avon. Derela, kile kidude cha kuhamisha cheni, ikikatika ukiwa Sengerema, fundi anafungua friwili ya gia, anafunga ya meno 18 ya baiskeli ya mizigo pamoja na cheni yake, nawe unaendelea na gia moja. Angalizo: kama masikio ya nyuma yamekatwa wima, cheni haitakuwa na pa kukazwa, itabidi ipatikane urefu kamili au ibaki ikilegea. Yaliyokatwa kwa mlalo hayana shida hiyo.

Na vile vidude vya gumba juu ya usukani, usikubali kubadilishiwa kwa vya kisasa. Vingi vina swichi ya kuondoa ile “klik”, gia ikawa ya kuteleza tu na wewe ndiye unayeisikiliza. Kwa mtindo huo derela ya kampuni moja na friwili ya kampuni nyingine zitaelewana. Cheni nayo haina ugomvi: moja inafaa friwili ya gia sita, saba au nane.

6. Zijue gololi zako. Habu ya nyuma hubeba gololi za robo inchi, kwa kawaida tisa kila upande. Habu ya mbele ni ndogo zaidi, inchi 3/16. Za kwenye shingo ni ndogo kuliko zote, mara nyingi inchi 5/32. Mwambie fundi azimwage kwenye kifuniko cha ndoo, si chini, na mzihesabu pamoja. Gololi mpya ni bei ya chai na maandazi, kwa hiyo usirudishe zilizopoteza mng'aro. Grisi ijae. Koni ikazwe mpaka gurudumu lisicheze, lakini ukilinyanyua na kuliachia, vali izunguke yenyewe mpaka chini. Ikikwama njiani, umekaza mno.

Ujue pia kwamba pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume, na kikombe cha kulia cha mhimili wa pedali vilevile kwenye fremu nyingi. Fundi aliyelelewa na Phoenix amezoea kugonga kota pini. Yako haina kota pini, ina mkono uliobanwa kwenye mhimili wa pembe nne, na unatolewa kwa pula. Nunua pula yako ukae nayo. Ukimpelekea, “Shikamoo fundi, kifaa hiki hapa,” hatalazimika kutafuta nyundo.

7. Kuchomelea: sema gesi, sema shaba. Bomba la Cr-Mo katikati huwa halifiki hata unene wa milimita moja. Moto wa welding ya umeme, ile ya kutengenezea mageti, unalitoboa au unaliacha gumu na la kuvunjika pembeni mwa ushoni. Unachotaka ni fundi wa gesi anayejaza kwa shaba. Shaba huyeyuka kabla chuma hakijayeyuka, ikaingia kwenye kiungo na kukishika bila kuumiza bomba. Fremu nyingi za zamani zenye vikombe vya maungio ziliunganishwa kwa njia ya jamaa hiyo hiyo kiwandani. Kabla hajawasha, hakikisha rangi imekwanguliwa mpaka chuma king'ae, na magurudumu yote yametolewa. Ukiona anapeleka moto mahali pamoja mpaka panakuwa peupe, sema. “Fundi, taratibu kaka, bomba jembamba hilo.” Hatakasirika. Wanajua.

Sikio la derela likipinda, la chuma linarudishwa kwa spana na jicho. La alumini usijaribu mara mbili.

8. Upepo uwe pungufu, miiba iwe na kazi. Huna shokapu, shokapu yako ni tairi. Jaza mpaka ukibonyeza kwa gumba kwa nguvu iingie kidogo. Tairi gumu kama la mzigo litakurusha kwenye mawe na kukuchosha mikono kabla hujamaliza mlima. Ukipunguza mno, rimu itabana tyubu kwenye jiwe na utapata pancha ya matundu mawili. Kuhusu mbigiri, dawa ya wazee wa baiskeli bado inafanya kazi: chukua tyubu kuukuu, ipasue kwa urefu, itandike ndani ya tairi kabla ya tyubu nzima. Inaongeza uzito, ndiyo. Beba uzito huo.

9. Mwamba haukuangushi, changarawe ndiyo. Mwamba wa Mwanza una gamba la kukwaruza, na ukikauka tairi hushika vizuri ajabu. Tatizo ni punje zinazomeguka kutoka kwenye mwamba na kujikusanya kwenye mteremko: ukikanyaga umepanda juu ya gololi. Kwa hiyo funga breki kabla ya hiyo sehemu, si ukiwa juu yake. Pedali ziwe sawa kwa mlalo, viwiko vimekunjwa, makalio nyuma ya kiti, na macho yaangalie unakotaka kupita badala ya jiwe unaloliogopa. Njia za kupandia nyumba za Igogo au Mabatini zina ngazi, mitaro na watu. Pale shuka, sukuma. Hakuna anayekupa zawadi kwa kumkosakosa mama mwenye ndoo kichwani.

10. Breki zinaliwa na mchanga. Hizi ni breki za kubana rimu, na punje za kwatsi zilizomo kwenye mchanga wetu ni ngumu kuliko alumini ya rimu. Kila zinapoganda kwenye raba, rimu inasagwa. Toa raba, chokonoa punje na vipande vya kung'aa kwa sindano ya kushonea viatu, kisha ipige msasa. Kidole kikipita kwenye ubavu wa rimu kikaona bonde, badilisha rimu. La sivyo, siku moja itafunguka ukiwa unateremka Bugando. Mvua ikinyesha, gusa breki mapema zijikaushe, maana mzunguko wa kwanza hazishiki kitu.

11. Usiioshe ziwani. Najua ni rahisi: unaingia nayo mpaka magotini, unasugua, unatoka. Lakini Ziwa Victoria lina kichocho, na konokono wanaokieneza hupenda hayo maji ya kina kifupi yenye majani unayosimama. Tena maji yakiingia kwenye habu, grisi yote uliyolipia imekwenda. Ndoo moja nyumbani na kitambaa vinatosha. Baada ya mvua kubwa, toa kiti, pindua baiskeli juu chini, maji yaliyoingia kwenye bomba yatoke. Tuna bahati kuliko wenzetu wa Tanga na Unguja: upepo wa ziwa hauna chumvi, na fremu iliyofutwa na kupakwa tone la oili ndani itawazidi umri wajukuu wa aliyeinunua mpya.

12. Keria ifungwe, isichomelewe. Fremu nyingi za chuma zina vitundu vya nati karibu na ekseli. Tumia hivyo. Zisipokuwepo, funga kwa vibano vyenye raba. Keria ya nondo ya magunia, iliyochomelewa kwenye mabomba membamba ya nyuma, ni namna ya kuua fremu polepole. Dagaa kilo kumi kutoka Mwaloni, Kirumba, hazina neno. Gunia la mkaa mwachie mwenye Phoenix, yeye ndiye mwenye baiskeli ya kazi hiyo.

13. Kengele kwanza, salamu pili. Njiani nje ya mji, salamu ya Kisukuma, “Mwangaluka mayu” ya asubuhi au “Mwadila” ya alasiri inakufungulia njia kuliko kelele. Ng'ombe wapite wote. Ukipenya katikati ya kundi, mchungaji ana haki ya kukusema.

14. Pa kwenda. Kwa kuanza, Nyegezi hadi Malimbe, upite chuo cha SAUT ushuke Luchelele: lami inakuacha mapema, ziwa linaonekana, na mawe ni ya kujifunzia. Siku ya nguvu, Kisesa hadi Bujora, kama kilomita 20 kutoka katikati ya mji kwa barabara ya Musoma. Huko kuna makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padri David Clement, Mkanada, na mwezi wa Juni ngoma za Bulabo. Toka alfajiri, kwa sababu ya malori. Ukitaka ng'ambo, panda kivuko cha Kamanga mjini, ushuke upande wa Sengerema kwenye vumbi halisi.

Lakini ikiwa una siku mbili, nenda Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya ziwa hili, ambako baiskeli bado ina heshima yake barabarani. Meli ya kwenda Nansio, bandari ya kisiwa hicho, inapakia mizigo mingi, hivyo fika mapema, lipa ya baiskeli, toa kioo na pampu uvibebe mwenyewe, kisha ifunge kwenye nguzo kwa mpira wa tyubu, upande wa derela ukielekea ukutani, kabla magunia hayajaanza kupangwa.